Fundi Anayepima Kabla ya Kung'oa

Ukimwambia mtu wa Mombasa au Nairobi kwamba kuna nyumba Kishushe yenye mashine ya kufua na kukausha nguo, atacheka. Jua lote lile, kisha ulipie stima ya kukaushia? Anayecheka hajawahi kuanika shuka nyeupe huko. Kishushe iko chini ya milima ya Taita, upande wa Tsavo Magharibi, na udongo wake ni ule mwekundu unaowapaka ndovu rangi. Ongeza malori ya mawe ya chuma kwenye barabara ya vumbi, na shuka iliyoanikwa asubuhi huanuliwa ikihitaji kurudi majini. Mwenye nyumba ya wageni, anayefua shuka za watu kila siku, hanunui kikaushio kwa anasa.

Kisha siku moja mashine husimama katikati ya kazi. Mlango umejifunga, nguo zimelowa ndani, na kwenye kioo zinawaka herufi mbili. Katika mashine nyingi za LG ni tE. Kila kampuni ina zake. Maana yake ni kwamba bodi, yaani ubongo wa mashine, imeshindwa kuelewa joto lililomo ndani. Hapo ndipo mafundi hutengana. Wapo wanaosoma herufi, wakaagiza sensa mpya ya joto, wakaifunga, wakapokea pesa. Mara nyingine hubahatisha. Mara nyingine hupigiwa simu tena kabla wiki haijaisha, na sensa mpya imekaa pale pale, na herufi ni zile zile.

Nimewahi kukaa kando ya fundi mmoja wa Voi akitengeneza mashine kama hiyo Kishushe, na kilichonivutia kwake ni kutokuwa na haraka. Kabla ya kushika bisibisi aliuliza.

"Mama, hizi herufi hutokea lini? Ikiwa inafua?"

"La, fundi. Kufua inafua vizuri. Ni ikitaka kuanza kukausha."

"Ikishazunguka kwa kasi?"

"Ee, hapo hapo."

Akanyamaza. Akachomoa plagi, akafunga bomba la maji, akatoa kipimajoto kidogo mkobani na kukiweka sakafuni kando ya mashine. Halafu ndipo akaanza kufungua skrubu za mgongoni. Sikuelewa kipimajoto kilikuwa cha nini hadi baadaye, na sasa naona ndicho kilichomtenga na wenzake.

Sensa ya joto ya mashine hizi ni themista: punje ya oksidi za madini kama manganizi na nikeli, iliyofichwa ndani ya kifuko kisichozidi kidole. Ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Michael Faraday aliiona tabia hiyo katika salfaidi ya fedha mwaka 1833, lakini ilipita karibu karne nzima kabla Samuel Ruben hajatengeneza themista ya kuuzika, mwaka 1930. Mashine ya kufua na kukausha huwa nazo angalau mbili: moja chini ya tangi, karibu na hita, inayopima maji, nyingine kwenye njia ya hewa moto inayokausha.

Themista ya kawaida sana huandikwa omu 10,000. Zipo za 12,000, zipo za karibu 50,000, kwa hiyo lazima ujue ya mashine uliyonayo. Lakini namba hiyo ni ya nyuzi 25 za Selsiasi, na nyuzi 25 Kishushe mchana utazipata wapi? Joto likiwa nyuzi 33, themista nzima kabisa ya omu 10,000 itasoma kama 7,000. Ipandishe Wundanyi, juu milimani, ambako asubuhi ya ukungu inaweza kushuka hadi nyuzi 15, na themista ile ile itasoma karibu 15,800. Fundi asiyejua hili ataitupa sensa njema Kishushe kwa sababu imesoma chini, na ataitupa Wundanyi kwa sababu imesoma juu. Huyu alitazama kipimajoto kwanza, akatazama mita yake ya umeme, akatikisa kichwa kukubali.

Hakuridhika na namba moja. Aliomba maji ya moto kwenye chupa ya chai, akayachanganya na ya baridi kikombeni, akatumbukiza sensa pamoja na kipimajoto. Nyuzi 40, kama omu 5,300. Akaongeza moto: nyuzi 50, kama 3,600. Nyuzi 60, kama 2,500. Macho yake hayakuwa kwenye namba peke yake, bali kwenye mwendo wake. Themista nzima hushuka taratibu bila kuruka. Iliyopasuka ndani husoma vizuri ikiwa baridi, kisha ikipata moto namba zinarukaruka. Ya kwenye njia ya hewa aliipima vivyo hivyo. Zote mbili zilifaulu, na wengi wangeishia hapo wakailaumu bodi, ambayo bei yake humfanya mteja afikirie kununua mashine mpya.

Yeye akahamia kwenye waya. Alirudisha sensa mahali pake, akachomoa soketi yake upande wa bodi, akapima kutoka huko. Namba ilikuwa ile ile aliyoipata kwenye sensa yenyewe. Mtu mwenye haraka angesema waya ni mzima. Akaushika waya kwa vidole viwili na kuukunja polepole, kipande kwa kipande, jicho likiwa kwenye mita. Alipofika mahali unapopita karibu na tangi, mita ikapoteza namba. Akaulegeza, namba ikarudi. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda lake, na kwa macho usingeona kitu.

Ndiyo maana aliuliza lile swali mwanzoni. Kabla ya kukausha, mashine huzungusha nguo kwa kasi kubwa ili kukamua maji, tangi linatikisika, na ncha za waya uliokatika zinaachana. Bodi husoma joto kwa kupitisha umeme mdogo kwenye themista. Njia ikikatika, ukinzani unakuwa hauna mwisho, na kwa hesabu ya bodi hiyo ni baridi isiyopatikana hata kileleni Kilimanjaro. Kama ingeiamini, ingewasha hita na kuendelea kuchoma bila kikomo. Basi inasimama na kuonyesha herufi. Mashine tuliyokuwa tukiitukana siku nzima ilikuwa inakataa kuunguza nyumba.

Hakuupotosha waya kwa mkono na kuufunga kwa selotepu. Mtikisiko na unyevu vingeukata tena. Aliunga kwa risasi, akavalisha mpira unaonywea ukipata moto, akaupitisha mbali na tangi na kuuachia ulegevu. Alikuwa na kikopo cha vikinzani vidogo. Akachukua kimoja cha omu 10,000, akakichomeka kwa muda mahali pa sensa, akawasha. Bodi ikatulia, ikidhani imo katika nyuzi 25. Bodi ilikuwa nzima. Akazima, akarudisha sensa.

Kabla ya kufunga alikomba manyoya ya nguo yaliyojazana kwenye njia ya hewa, maana yakiziba, joto hupanda na swichi ya usalama hukata, na mtu akadhani ni sensa tena. Akamwambia mwenye nyumba kuwa maji ya chumvi ya visima vya nyika huacha ukoko kwenye hita na sensa, na sensa iliyovikwa ukoko huchelewa kusikia joto.

Ikafika saa ya malipo, na swali likaja kama kawaida: "Sasa fundi, umeweka spea gani?" Hakuna. Kipande cha risasi na cha mpira. Naona hapa ndipo tunapowaharibu mafundi wetu. Tunalipa bila kunung'unika kwa kitu kilichotoka kwenye boksi, kisha tunapunja saa nzima ya kupima, hata fundi mwaminifu anajifunza kwamba kubadilisha sensa nzima kunalipa kuliko kugundua kuwa ni nzima. Mama huyo alilipa, baada ya kushawishiwa kidogo.

Mashine yako ikisimama, ziandike herufi hizo kabla hujachomoa plagi, na kumbuka ilikuwa ikifanya nini zilipotokea. Mweleze fundi yote mawili. Na mkubaliane mapema bei ya kupima, uilipe hata kama hakukuuzia chochote.