"Kamba" Hupimwa kwa Kamba: Uhakiki wa Istilahi za Kupanga Magurudumu ya Mbele

Tumeletewa, ili tuitolee maoni, rasimu ya istilahi za miguu ya mbele ya gari. Waandishi wake ni walimu wa ufundi. Hatutawataja, maana tunayoyasema hapa yahusu maneno wala si watu. Rasimu ina mema mengi. Imeyaacha mahali pake maneno ambayo fundi na mwenye gari huelewana kwayo kila siku: springi, shokapu, boljointi, tairodi. Tunawapongeza kwa hilo, kwani wako wakereketwa wa lugha ambao wangependa kumpokonya fundi shokapu yake na kumpa neno refu asilolihitaji. Usukani wenyewe ulitoka majini. Ulikuwa wa nahodha kabla haujawa wa dereva, na hakuna aliyelalamika. Kariakoo nako, tunakokwenda katika makala haya, ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa vita vya kwanza vya dunia, likatiwa irabu za kwetu hata leo halina ugeni. Kwa hiyo mkopo hatuuogopi.

Ugomvi wetu ni na ukurasa wa tatu, wenye istilahi za kupanga magurudumu. Hapo waandishi wamependekeza "ulinganishaji" kuwa jina la kazi yenyewe, kisha "kamba", "kasta" na "kuingia ndani" kuwa majina ya vipimo vyake vitatu.

Kabla ya kuyahakiki, yafaa tueleze ni nini kilichotufanya tuuone ukurasa huo kuwa wa hatari. Kijana mmoja mkazi wa Kigamboni alikuwa na gari alilolishusha, yaani alizifupisha springi hata mwili wa gari ukakaribia ardhi, kwa nia ya kulipeleka katika mbio za mzunguko. Kila alipovuka kwa kivuko kuja Magogoni, tumbo la gari lilikwaruza ulimi wa chuma wa pantoni, na watu wa soko la samaki wakageuka kutazama. Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni tairi. Alikwenda gereji moja pande za Gerezani akamwambia fundi: "Niingizie magurudumu ya mbele ndani kidogo." Fundi akalegeza nati za tairodi, akazungusha, akaingiza. Baada ya majuma machache kijana alirudi na tairi mbili ambazo nyuzi zilikuwa zimejitokeza ukingoni, akidai amedhulumiwa. Fundi naye akaapa kuwa alifanya alichoambiwa.

Tuliwasikiliza wote wawili, na twakiri kuwa wote wawili walisema kweli. Kijana alitaka sehemu ya juu ya gurudumu ilale kuelekea injini, na fundi alielewa kuwa sehemu ya mbele ya gurudumu igeuzwe kuelekea mwenzake. La kwanza huonekana na mtu aliyesimama mbele ya gari, la pili na mtu atazamaye kutoka juu. Yote mawili ni "ndani". Kiswahili chao kilikuwa fasaha, lakini kilipungukiwa na neno.

Sasa na turudi kwenye rasimu. "Kuingia ndani" imeandikwa humo kuwa istilahi ya kipimo cha mwelekeo. Yaani waandishi wamelichukua neno lile lile lililowagombanisha watu wawili wa Gerezani wakataka kulitia muhuri! Istilahi haiwi istilahi kwa kuandikwa katika safu ya kulia ya jedwali. Sharti imzuie msikiaji asifikirie kitu kingine cha papo hapo, na hili halizuii.

"Kamba" ina kasoro ya namna nyingine. Ni kweli kwamba neno la Kiingereza, likipita katika kinywa chetu, hutoka hivyo. Lakini gereji isiyo na mashine hupima mwelekeo wa magurudumu kwa kamba: huvutwa kamba mbili ubavuni mwa gari, sambamba na mstari wake wa kati, kisha hupimwa umbali kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa ringi, na kutoka kamba hadi ukingo wa nyuma. Basi mwanafunzi ataambiwa apime kamba pasipo kamba, halafu apime kwa kamba kitu kisicho kamba. Na akivuka mpaka Feri, kamba anauzwa kwa kilo. Hatusemi kuwa lugha haivumilii maneno ya sura moja. Paa la nyumba na paa wa porini hawajapata kugombana. Twasema kuwa maneno mawili ya sura moja hayawezi kukaa katika sentensi moja ya kazi moja.

"Kasta" haina mgongano huo, wala haina msaada. Aliyeisikia mara ya kwanza hapati chochote cha kushika. Ama "ulinganishaji", hilo twalikataa kwa sababu ya maana. Kulinganisha ni kuviweka viwili pamoja ili kuona vilivyo sawa, ilhali hapa kazi ni kuviweka vitu katika pembe iliyokusudiwa. Wengine wamependekeza "unyooshaji". Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa gurudumu la gari la mbio halinyooshwi hata kidogo: hulazwa makusudi. Mafundi husema "kupanga", nasi twaona wamesema vema.

Huenda msomaji akauliza kwa nini upungufu huu haukuonekana mapema. Twadhani jibu limo katika historia ya barabara zetu. Tangu Safari ya kwanza ya mwaka 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, fahari ya fundi wa Afrika ya Mashariki ilikuwa gari lililoinuka na kustahimili mashimo. Bert Shankland, aliyeishi hapa Tanzania, alishinda mashindano hayo mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo sifa yake ilikuwa kukanyaga jiwe na kuendelea. Gari la kushushwa limekuja baadaye, na limekuja na hesabu zake. Springi ikifupishwa, mkono wa chini hubadili pembe, na kwa kawaida kichwa cha gurudumu huvutwa kuelekea injini. Tairodi nayo hubadili pembe, na magurudumu huacha kutazama yalikokuwa yakitazama. Kwa sababu hiyo gari lililoshushwa lisipopangwa upya hula tairi, na huyumba dereva afungapo breki kwa nguvu.

*Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili* cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, kimekuwa mkononi mwa waundaji kwa miaka mingi, na desturi ya Baraza tangu lilipoundwa mwaka 1967 ni kuanza na hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Tujaribu basi, na tuuanzie mwili wa mtu, kwa kuwa gari limekwisha kupewa miguu.

Kuinama ni tendo la kichwa. Mtu akiambiwa ainame, hashushi nyayo. Tukisema gurudumu "limeinama ndani", neno lenyewe limekwisha kutuambia kuwa kinachokwenda ndani ni sehemu ya juu. Twapendekeza "mwinamo". Kipimo chake ni timazi, chombo ambacho mwashi wetu hakukingoja kutoka gerejini: teremsha uzi wenye risasi mbele ya ringi, upime nafasi ya juu na ya chini. Kwa ringi yenye kipenyo cha milimita 400, tofauti ya milimita 7 ni karibu digrii moja. Gari la barabarani hutosheka na digrii moja au pungufu. La mzunguko huhitaji mbili hata tatu, kwa kuwa likikata kona mwili wake hulala upande wa nje, na tairi lililoinama ndani ndilo hapo hukanyaga kwa upana wake wote.

Kuelekea ni tendo la uso. Magurudumu ambayo sehemu zake za mbele zimekaribiana "yanaelekeana", na kipimo chake kiitwe "mwelekeano". Kinyume chake tumekiita "mwachano", ingawa twakiri neno hili halijatuliza moyo.

Kuegama ni tendo la mgongo, kama mtu akaavyo kitini. Mhimili ambao gurudumu hugeukia hauko wima. Sehemu yake ya juu imelala nyuma, kama uma wa mbele wa baiskeli, na ndiyo sababu mojawapo ya usukani kurudi wenyewe katikati baada ya kona. Huo twauita "mwegamo", nao huonekana na aliyesimama ubavuni.

Tuliyarudisha maneno haya kwa fundi yule wa Gerezani tukamwomba atoe maagizo ya kazi nzima kwayo. Alisema, nasi tunaandika kwa ufupi: upepo wa tairi uwe sawa, sakafu iwe tambarare, dereva au mzigo wa uzito wake uwe kitini, gari likitoka juu ya jeki lisukumwe mbele na nyuma springi zikae, kisha anza na mwegamo, fuata mwinamo, maliza na mwelekeano. Tulimuuliza kwa nini mwelekeano uwe wa mwisho. Akajibu kuwa ukigusa mwinamo, mwelekeano hauwi tena ulivyouacha, bali mwelekeano waweza kuuzungusha upendavyo na mwinamo usihisi sana. Sentensi hiyo haikuwezekana kusemwa kwa maneno ya rasimu. Lingekuwa "ndani" linaloathiri "ndani".

Kwa "mwachano" alitikisa kichwa. Alisema yeye angesema magurudumu "yamepeana visogo". Tumelipima, na twaona amelenga zaidi yetu, ila hatujui jina litakaloundwa humo bila kuvunja ulimi wa mwanafunzi. Wasomaji wenye pendekezo watuandikie. Wakati huo huo rasimu inarudishwa kwa waandishi wake, na ombi letu ni kuwa ukurasa wa tatu uandikwe upya kabla haujafika mbele ya mwanafunzi yeyote mwenye spana mkononi.