Neno Kaya na Mtoto wa Kyela

Mwenye kupima sera ya nchi hapimi fedha zake tu. Hana budi kupima na maneno yake, kwani neno ndilo liamualo nani ahesabiwe na nani aachwe. Neno ninalotaka kulitazama hapa limo katika jina la Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Neno lenyewe ni kaya.

Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ilikuwa makao ya watu wengi ndani ya msitu. Katika lugha ya serikali neno hili limepungua, likawa watu wa chungu kimoja. Silaumu: mhesabu watu hawezi kazi bila mpaka. Lakini mpaka umfaao mwenye kuhesabu huweza kumdhuru mwenye kuhesabiwa.

Ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa waonyesha jambo hili wazi. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji cha rika lao. Kula walikula pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtoto wa namna hiyo alikuwa wa kaya ipi? Desturi ile imepita, wala siililii, maana dada zao waliposwa wangali wadogo. Lakini malezi ya majiko mengi hayakufa pamoja nayo. Katika nchi ile ya mpunga na kakao, toka Kyela hata Matema, mtoto aliyefiwa, au aliyefukuzwa na mafuriko ya masika, hupokewa na bibi au shangazi bila kuulizwa hati.

Sasa tazama hesabu. Katika miaka ya kwanza ya Mpango, mtoto wa shule ya msingi alistahili shilingi 2,000 kwa mwezi kwa sharti la kuhudhuria, wala kaya moja haikulipwa kwa watoto zaidi ya 4. Bibi mwenye wajukuu wanne akimpokea wa tano, fungu hilo halikuongezeka hata senti. Ukarimu wake, ambao ndio bima ya kale ya mtoto maskini, ukawa hasara kwake.

Sisemi Mpango haukufaa kitu. Fedha kidogo mkononi mwa mama ni daftari, ni sabuni, ni safari ya kliniki. Nasema umemtafuta mtoto kwa kupitia mlango wa nyumba, na wako watoto wasio na mlango mmoja. Ada ilipofutwa katika shule za serikali hata kidato cha nne, Januari 2016, mtoto hakuulizwa atoka kaya gani: kuwa mtoto kulitosha.

Basi na liendelezwe wazo hilo. Chakula cha mchana shuleni kwa sehemu kubwa kimeachiwa michango ya wazazi, na mtoto wa tano ndiye asiye na wa kumchangia. Serikali ikitia fedha katika chungu cha shule, itamlisha pale alipoketi na wenzake, si pale alipoandikwa. Wazee wa ufukwe ule wasingeona ajabu watoto wa rika moja kula pamoja.