Gulio Lililokatwa na Mto
Tamasha la muziki wa kantri mjini Nashville, Marekani, lilipoanza mwaka 1972 liliitwa Fan Fair, yaani gulio la mashabiki, nalo lilifanyika katika jumba la Municipal Auditorium. Tangu 2001 limetandazwa katikati ya mji, na hapo ndipo penye kasoro. Mchana msikilizaji hupita bure toka jukwaa hadi jukwaa karibu na Broadway, hata jasho la mwimbaji alione. Usiku ukiingia hana budi avuke mto Cumberland, pengine kwa daraja la waendao kwa miguu, aende uwanja wa mpira wenye kiingilio. Huko mwimbaji yule yule ni kitone chini ya taa. Guliioni, walakini, mnunuzi humwona muuzaji uso kwa uso.