Mfungwa, Mtoro na Kitabu cha Kuchekesha

Hapana kitabu kinyonge mbele ya wahakiki wetu kama kile kinachomfurahisha msomaji wake. Hadithi ya kijana mwenye mali nyingi na akili haba, binti mkaidi, shangazi mkali, posa tatu zilizovunjika na harusi moja itimiayo mwishoni, huhesabiwa kuwa kitu cha kusomwa safarini na kuachwa kitini. Mwanafunzi akiulizwa amesoma nini wakati wa likizo huona haya kukitaja. Hutaja kitabu kizito ambacho yamkini hakukimaliza. Haya hiyo tumemfundisha sisi walimu. Tumempa mizani yenye mawe ya namna moja: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Akikiweka kitabu cha kuchekesha katika mizani hiyo, ulimi wa mizani hausogei. Naye hukata shauri kwamba kitabu ni chepesi, asiishuku mizani hata mara moja.

Tumevipa vitabu vya namna hii jina la fasihi pendwa. Ni jina la ajabu, kwa kuwa lafanya ionekane kana kwamba fasihi iliyobaki ni ile isiyopendwa na mtu. Lakini jina si neno kubwa. Neno kubwa ni shtaka, nalo ni utoro: ati msomaji wa hadithi za mapenzi mepesi na vituko vya jamaa huukimbia ulimwengu wenye njaa, dhuluma na vita, akajificha katika nyumba isiyokuwako. Shtaka hili lina uzito, na anayevipenda vitabu hivi hapaswi kulijibu kwa kucheka tu.

J. R. R. Tolkien alilijibu mwaka 1939, katika mhadhara aliousoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Alisema kwamba wahakiki huchanganya watu wawili walio mbalimbali: mfungwa atamaniye kutoka kifungoni kwenda kwao, na askari atorokaye vitani. Wa kwanza hana lawama. Na hata asipoweza kutoka, nani atamlaumu kwa kuwaza na kuzungumza mambo mengine yasiyo kuta na walinzi? Tolkien alikuwa akisema juu ya ngano za maajabu. Mimi nataka kuipima hoja yake kwa hadithi za mapenzi na jamaa, kwa sababu katika habari za vitabu hivi wamo wafungwa wa kweli, si wa mfano. Nitawaleta wawili. Ushahidi wao haufanani.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Romania, aliyefungwa kwa sababu za kisiasa. Alipokwisha kuachiliwa alimwandikia barua Georgette Heyer, mwandishi wa Uingereza, kumweleza kwamba kwa muda wa miaka 12 kifungoni alikuwa akiwasimulia wenziwe hadithi ya Friday's Child, tena na tena, na kwamba hadithi hiyo iliwasaidia kuzilinda akili zao. Habari hii imetajwa na Jane Aiken Hodge katika wasifu wa Heyer uliotoka mwaka 1984. Heyer mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufa mwaka 1974, alianza utunzi katika hali inayofanana kidogo na hiyo: alipokuwa na miaka 17 alibuni hadithi ya kumchangamsha ndugu yake mgonjwa, nayo ndiyo ikawa kitabu chake cha kwanza, The Black Moth, cha mwaka 1921.

Je, Friday's Child ni kitabu gani? Kilitoka mwaka 1944, wakati wa vita, wala hamna vita ndani yake. Ni hadithi ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Mwinyi mmoja kijana, Sherry, amekataliwa na msichana mzuri kuliko wote mjini. Kwa hasira aapa kumwoa mwanamke wa kwanza atakayemwona, na wa kwanza kumwona ni Hero, yatima aliyecheza naye utotoni. Wafunga ndoa upesi, yeye bila kufikiri na binti kwa mapenzi ya siku nyingi. Kisha Hero aingia mjini asizijue desturi zake. Lolote alisikialo kwa mumewe hulirudia mbele ya watu, hata yale ambayo mwanamke wa heshima hapaswi kuyajua. Aingia katika madeni, michezo ya kamari na ugomvi, na kila kosa lake laanzia katika neno au mfano wa mume. Mwishowe akimbia, na rafiki za mumewe wamficha kwa bibi mzee huko Bath. Na mume, akiisha kumkosa, ndipo ajuapo kwamba ampenda. Katika rafiki hao yumo mmoja, Ferdy, ambaye kila balaa itokeapo husema kwamba inatokana na yule jamaa wa Kiyunani waliyesomeshwa habari zake shuleni, anyemeleaye watu kwa nyuma. Walakini jina la jamaa huyo halimjii. Msomaji ajua kwamba ni Nemesis. Kichekesho hiki chatembea katika sura nyingi, na kila kirudipo chanoga zaidi.

Kwa nini kitabu hiki kilifaa gerezani? Twaweza kusema upesi kwamba kiliwasahaulisha wafungwa shida zao, lakini jibu hilo ni pungufu. Usahaulifu haudumu miaka 12. Mtu asikiaye hadithi kwa mara ya ishirini hasahauliwi chochote na mshangao wa mambo mapya; ayajua yote. Naona kwamba sababu ya kwanza ni ufundi wa kitabu chenyewe. Kimejengwa kwa mazungumzo na kwa vituko vilivyoshikana kama pete za mnyororo: deni lazaa uongo, uongo wazaa ugomvi, ugomvi wazaa safari. Hadithi ya namna hiyo hukaa kichwani na hutoka kinywani bila kupotea. Riwaya nyingi tuzisifuzo hazisimuliki hivyo. Ukizitoa katika karatasi hubaki muhtasari.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Katika ulimwengu wa Heyer, kosa la ujinga lina adhabu ndogo. Hero aropoka neno baya mbele ya wakubwa, na malipo yake ni aibu ya jioni moja na machozi ya sura moja. Kisha asamehewa, na msomaji acheka. Katika nchi ya yule mfungwa neno lisemwalo mbele ya mtu asiyefaa liliweza kumpoteza mtu kwa miaka. Fikiri, msomaji, wanawake wale wakisikiliza habari za binti asemaye ovyo na asiyedhurika. Sidhani kwamba walikuwa wakiukimbia ulimwengu wao. Nadhani walikuwa wakiupima kwa kipimo cha ulimwengu mwingine, ambamo adhabu hulingana na kosa. Na hukumu yao juu ya nchi yao haikuhitaji kutamkwa. Hayo hayakukusudiwa na Heyer, wala hayamo katika kitabu chake kama ujumbe. Yalitokea katika kusikiliza.

Sisi tulikulia katika lugha yenye hadithi za jioni, na jambo hili si geni kwetu. Hakuna mtoto aliyeuliza ujumbe wa Abunuwasi kabla ya kuitikia hadithi njoo. Wala kuujua mwisho hakukumzuia mtu kuutaka tena usiku wa pili.

Ushahidi wa kwanza, basi, wamsaidia Tolkien. Ushahidi wa pili ni mgumu zaidi, nami nisingeaminika kama ningeuficha.

P. G. Wodehouse, aliyezaliwa mwaka 1881, ndiye fundi mkuu wa hadithi za kuchekesha katika Kiingereza cha karne ya 20. Wazazi wake walikuwa Hong Kong, naye alilelewa Uingereza akipitishwa mikononi mwa jamaa, wengi wao shangazi na mama wadogo. Yamkini ndiyo sababu kina mama hao wametawala vitabu vyake kuliko wafalme. Bertie Wooster, kijana wake mashuhuri, ana wawili, Agatha na Dahlia, na wote ni dada za baba yake. Mfasiri wa Kiswahili hatapata taabu hapo. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa kike wa baba na wa mama, lakini sisi tukisema shangazi tumekwisha kuonyesha mamlaka yake, hasa likija suala la nani amwoe nani.

Katika The Code of the Woosters, cha mwaka 1938, shangazi Dahlia amtuma Bertie akaibe kijagi cha fedha cha maziwa, kilichofanyizwa kwa umbo la ng'ombe. Huko akutana na Roderick Spode, jitu la kutisha liongozalo kundi la wavaao kaptura nyeusi. Kila msomaji wa siku zile alijua kwamba aliyekusudiwa ni Oswald Mosley na Mafashisti wake wa Uingereza, waliovaa mashati meusi. Na Spode anyamazishwa kwa nini? Kwa neno moja, Eulalie, ambalo Bertie apewa na mtumishi wake Jeeves. Bertie hajui maana ya neno hilo, lakini Spode akilisikia huwa mpole kama kondoo. Mwishowe twaambiwa siri: dikteta huyu mtarajiwa ana duka la nguo za ndani za kike, naye ndiye azibuniye. Sikijui kichekesho kingine cha miaka ile kilichoivua siasa ya mabavu nguo zake kwa ustadi kama huu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yalimkuta Wodehouse nyumbani kwake Le Touquet, Ufaransa. Alipelekwa kizuizini, mwishowe Tost huko Silesia, katika jengo lililokuwa hospitali ya wenye wazimu. Huko aliandika kitabu kizima cha kuchekesha, Money in the Bank. Mwezi wa Juni 1941 aliachiliwa, na siku chache baadaye akakubali kusema katika redio ya Berlin, hotuba tano kwa wasikilizaji wa Marekani, akifanya mzaha juu ya maisha ya kambini. Uingereza, iliyokuwa imekwisha kupigwa kwa mabomu, iliona ni usaliti. Uchunguzi wa serikali uliofuata haukumfikisha mahakamani, na mwaka 1945 George Orwell aliandika kumtetea, akishika kwamba lawama yake haizidi ujinga. Hata hivyo Wodehouse hakurudi kuishi Uingereza tena. Alihamia Marekani mwaka 1947, akafa huko mwaka 1975, wiki chache baada ya kupewa heshima ya Sir.

Hapa ndipo mshtaki asimamapo kwa furaha. Tazameni, atasema, mtu aliyekaa maisha yake yote katika nyumba isiyokuwako. Ulimwengu ulipomgongea mlango hakuutambua. Siwezi kulikana hilo lote. Lakini naomba kwanza tukitenge kitabu na mtu. Kitabu cha 1938 kilimwona Spode vizuri. Mtu wa 1941 hakumwona. Kisha natukiulize kitabu chenyewe kilijua nini na hakikujua nini. Kilijua kwamba mtu wa mabavu ni kichekesho, na kwamba nguvu zake ni vazi. Hakikujua kwamba kichekesho chaweza kuua. Katika kitabu, neno moja lamnyamazisha Spode. Katika Berlin ya 1941 hapakuwa na neno la namna hiyo, naye Wodehouse akenda kule na mzaha mkononi kana kwamba lipo. Mpaka huo ni sehemu ya umbo la kitabu, kama ukuta ulivyo sehemu ya bustani, nao ndio ampasao mhakiki kuuonyesha. Anayesema kitabu ni upuuzi mtupu hauoni ukuta, wala asemaye kwamba ni pepo hauoni.

Na mara nyingine ubaya umo bustanini humo humo. The Grand Sophy, cha Heyer, cha mwaka 1950, ni miongoni mwa vitabu vyake vya kuchekesha kuliko vyote: binti shupavu aingia katika nyumba ya jamaa zake na kuzipanga upya ndoa zao zote. Lakini imo sura moja ambamo Sophy amwendea mkopeshaji wa riba, Goldhanger, naye Heyer amchora mtu huyo kwa kila chuki ya kale dhidi ya Wayahudi, miaka mitano tu baada ya kambi za mauaji kufunguliwa macho ya watu yakiona. Ati ni burudani tu? Sikubali. Kitabu chepesi huingia kwa mlango usiolindwa, na msomaji akicheka amekwisha kupokea mzigo. Mdharau kitabu hawezi kutuonya juu ya sura hiyo, kwa kuwa hakukisoma. Na mpenzi asemaye tusikihukumu ametoka katika kazi ya kusoma vile vile.

Katika madarasa yetu ya Kiswahili hali ni hiyo. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, kilichotolewa mwaka 1960, hufundishwa kama mwanzo wa riwaya ya upelelezi, na wanafunzi huandika kurasa juu ya ushirikina na elimu. Ni wachache waulizao jinsi Najum akaavyo kando ya Bwana Msa hata wawili hao wakatufanya tutabasamu, au kwa nini sentensi fulani yachekesha na ikipangwa upya haichekeshi. Maswali hayo ni magumu kuliko la ujumbe. Hayana jibu la kukariri, nayo humtaka mwanafunzi asikilize lugha kwa makini ya mshairi asikilizaye mizani.

Mashindano yetu ya uandishi nayo huuliza lile lile: kazi hii yaifundisha jamii nini? Mtungaji akituandikia leo riwaya nzima juu ya shangazi wawili, mahari iliyokopwa mara mbili na sinia la fedha lililopotea usiku wa kuamkia harusi, isiyo na kifo wala mafunzo, sijui atampelekea nani mswada wake.