Kushika kwa Mkono Wowote

Machi 2020 mkutano wa watafiti wa uhalisia pepe uitwao IEEE VR, uliokuwa ufanyike Atlanta, Marekani, ulihamia mtandaoni kwa sababu ya korona. Washiriki walikutana pia ndani ya Mozilla Hubs, vyumba vya uhalisia pepe vilivyofunguka kwa kiungo tu kwenye kivinjari. Uliweza kuingia kwa miwani maalumu, kwa kompyuta yenye kipanya au kwa simu, na wote mkaonana na kusikilizana.

Ukitazama kwa haraka utadhani ni jambo jepesi. Aliyevaa miwani ana mikono miwili inayopaa hewani. Mwenye simu ana kidole na kioo, basi. Fundi mwenye haraka angeandika programu tatu. Wale wa Hubs waliitenga kazi: kifaa hueleza kilichotokea, kwamba kitufe kimebonyezwa au kidole kimeburuzwa, chumba nacho huuliza tu kama mtu anataka kushika, kusogea au kugeuka. Katikati pana faili za kuoanisha, kila aina ya kifaa na yake. Kikija kifaa kipya, huongezwa faili yake, na kiti kilichomo chumbani hakina habari.

Ustadi huohuo umo katika WebXR, kanuni za W3C, shirika la viwango vya wavuti, zinazounganisha kivinjari na vifaa hivi. Kila njia ya kuchagua hupewa mwale mmoja wenye chanzo na mwelekeo. Mwale huo hutoka kwenye kidhibiti cha mkononi, au kichwani kwa asiye na kidhibiti, au pale kidole kilipogusa kioo cha simu. Tukio linalomfikia mwandishi wa programu ni lilelile: mtu amechagua. Vipimo vyote ni mita, na sakafu inaweza kuwekwa kuwa sifuri, hivyo meza ya sentimita 75 hubaki na kimo chake kwa aliyesimama na aliyeketi.

Kisha linakuja la ushirikiano, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Watu wawili wakikamata kikombe kimoja, nani anacho? Networked-Aframe, maktaba ambayo Hubs iliitumia, hutoa umiliki: anayeshika huuchukua, na kifaa chake ndicho kinachotangaza kikombe kilipo. Matangazo hayo, usipobadilisha chochote, ni 15 kwa sekunde, ilhali miwani mingi huchora picha 72 au zaidi. Pengo hilo hujazwa kwa kukokotoa njia kati ya tangazo na tangazo. Kazi ikifanywa vizuri, kikombe hutiririka na hakuna anayejua kwamba palikuwa na pengo.

Mwenye simu bado hawezi kupunga mikono kama mwenye miwani, hilo halikwepeki. Lakini michoro iliachwa myepesi ili simu ya kawaida isielemewe. Kwangu huo ni uamuzi wa heshima, hasa kwetu Afrika Mashariki ambako wengi huingia intaneti kwa simu.

Mozilla ilifunga huduma hiyo Mei 31, 2024, lakini msimbo wake uko wazi na Hubs Foundation inaendelea kuutunza. Kama unajifunza kuandika programu, fungua humo folda iitwayo userinput, yenye zile faili za kuoanisha, uisome taratibu, faili baada ya faili.