Kipimajoto Kimoja, Vifaa Vitatu

Tumeusoma mwongozo mmoja wa madereva, uliofasiriwa kwa Kiswahili kwa matumizi ya magari ya ofisi, ambao kwa jumla umeandikwa kwa lugha safi. Sentensi zake ni fupi, na mfasiri hakuona haya kuandika rejeta, plagi na gasketi kama zinavyotamkwa gereji. Kasoro yake kubwa imo katika neno moja: kipimajoto. Neno hilo limetumika kwa saa yenye mshale iliyo mbele ya dereva, kwa kifaa kilichofungwa kwenye injini chenye kuipelekea saa hiyo habari, na, katika ukurasa mmoja, hata kwa themostati.

Tuliuchukua mwongozo huo hadi Makole, mjini Dodoma, kwa fundi aliyekuwa akishughulikia Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Dereva alikuja na barua ya ofisi yake iliyosema kwamba kipimajoto ni kibovu. Saa mpya ilikwisha kununuliwa na kufungwa, lakini mshale ulibaki palepale, kwenye baridi. Fundi aliuchomoa waya kwenye kile kifaa cha injini, akaugusisha kwa muda mfupi kwenye chuma cha injini, swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukapanda taratibu kuelekea kwenye moto. Basi saa ilikuwa nzima, na waya mzima. Kilichokufa ni kifaa cha injini, ambacho kikiwa kizima ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Lau saa ya mafuta nayo ingalikuwa inadanganya, fundi angalikitazama kwanza kidhibiti volteji, kwa kuwa katika magari hayo saa zote mbili hulishwa nacho kwa umeme wa takriban volti 10.

Ofisi ile, kwa hiyo, ilinunua kizima ikakiacha kibovu, na aliyeandika hati ya ununuzi hakukosea neno hata moja la mwongozo wake.

Kipimajoto ni neno jema kwa chombo cha muuguzi, ambacho chenyewe hupima na chenyewe huonyesha. Yako pia magari ya zamani zaidi ambamo saa na tungi lake huunganishwa kwa mrija mwembamba na kuwa kitu kimoja. Huko neno hilo lingevumilika. Katika Land Rover hii kazi zimegawanywa. Kwa hiyo twapendekeza geji ya halijoto kwa ile saa, na kihisijoto kwa kifaa cha injini. Themostati, ambayo haipimi wala haionyeshi, bali hufungua na kufunga njia ya maji, ibaki na jina lake. Tunajua watakaosema kwamba geji ni neno la kuazima. Ni kweli, lakini geji ya mafuta, geji ya oili na geji ya upepo zimekwisha kuwa ukoo mmoja, na si busara kumtoa ndugu mmoja nje ya nyumba.

Jambo la hatari zaidi limo katika agizo kwamba dereva aendelee na safari maadamu kipimajoto kinaonyesha baridi. Kipi? Maji yakipungua sana, kihisijoto hubaki katika hewa au mvuke, na mshale waweza kushuka ilhali injini inaungua. Dereva aliye njiani kwenda Kondoa atalitii agizo hilo hadi gasketi iungue.

Tuna ugomvi mdogo pia na kitenzi kuchemsha. Mwongozo wasema gari huchemsha maji yakifika nyuzi 100. Dodoma, iliyo takriban meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96. Ndani ya rejeta yenye kifuniko kizima, kwa sababu ya kanieneo, huchemka juu ya 100. Tena injini yaweza kupata moto kupita kiasi kabla maji hayajachemka. Mafundi waachiwe kuchemsha yao. Katika mwongozo iandikwe injini imepata moto kupita kiasi, na ukurasa wa themostati ufasiriwe upya kabla ya chapa ya pili.