Pua ya Kulungu, Miguu ya Mzee

Mlimani hewa ina zamu. Jua likishapasha mteremko, hewa hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda. Jioni kivuli kikitanda hupoa, ikawa nzito, ikateremka hadi bondeni na kufuata njia ile ile inayofuatwa na kijito. Mwindaji wa tambarare huuliza upepo unatoka wapi, basi. Wa mlimani hana budi kuuliza pia ni saa ngapi, jua limefika mteremko upi, na yeye mwenyewe ameketi juu au chini ya mnyama anayemtaka. Katika milima yenye misitu ya Pennsylvania, Marekani, ufundi wa kuwinda kulungu umesimama juu ya maswali hayo, na anayeyajibu vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua ni baba mkwe wangu, mzee aliyevuka sabini, mwenye goti bovu na masikio yaliyoanza kuchoka.

Kulungu wa huko ni yule wa mkia mweupe, si mbawala wa misitu ya Usambara. Dume ana pembe zenye matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya. Rangi ya chungwa haitofautishi vizuri. Ndiyo maana tunaweza kuvaa fulana na kofia za chungwa kali, zisizopungua inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni kama sheria ya jimbo inavyotaka, bila kumshtua. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Lakini macho na masikio huyatilia shaka. Akikuona, atasimama, atapiga kwato chini, atainamisha kichwa kana kwamba anakula, kisha atakiinua ghafla akufumanie ukisogea. Akikunusa, hafanyi jaribio lolote. Anakwenda.

Dume aliyekomaa hupenda kulala theluthi ya juu ya mteremko, upande wa demani, mgongo akiupa upepo unaovuka kilele na macho akiyatupa bondeni. Upepo humletea habari za ng'ambo ya mlima, hewa inayopanda humletea habari za chini, na asichokinusa atakiona. Ni makao yaliyopangwa kwa akili kuliko ngome nyingi za binadamu. Vijana hupanda kumfuata palepale, wakarudi wamelowa jasho na hawakuona hata mkia. Mzee hajaribu. Yeye hutafuta atakapopita akiamka.

Na mlima wenyewe humwonyesha. Kulungu, sawa na mpagazi mwenye mzigo, hachagui njia ngumu penye rahisi. Mgongo wa mlima ukibonyea mahali, huvukia hapo. Mteremko mkali ukikatwa na kibaraza chembamba cha ardhi bapa, hutembea juu yake. Kibaraza hicho kikiwa na mialoni myeupe, basi hapo ni sebuleni kwake, kwa sababu kokwa za mwaloni mweupe hazina uchungu mwingi kama za mwaloni mwekundu, naye huzimaliza hizo kwanza. Mzee huokota kokwa, huangalia kikofia chake, hutazama majani yaliyochimbuliwa chini ya mti, na hapo ameshajua kama wanyama wanakula leo au walikula wiki iliyopita.

Kuna kitu kimoja anachobeba mfukoni ambacho nakithamini kuliko bunduki yake. Ni ganda kavu la gugu lenye utomvu mweupe, lile linaloliwa na viwavi wa vipepeo wakubwa wa rangi ya chungwa. Ndani yake mna nyuzi laini zinazong'aa, nyepesi mno. Sisi tuliokua Tanga tukilalia mito ya sufi tunazijua kwa mkono kabla ya macho. Tena kuna udugu wa kweli hapo: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walipoiteka Java, sufi ya kujazia majaketi ya kuokolea mabaharia ilikatika, na watoto wa shule Marekani wakatumwa mashambani kuchuma maganda ya gugu hili yachukue nafasi yake. Mama yake mzee alikuwa mmoja wa watoto hao.

Mzee huchomoa uzi mmoja, akauachia. Unaelea kwenda kushoto, kama shavu lilivyokwisha kuhisi. Hatua kumi mbele unasita. Unazunguka nyuma ya shina la mti, unazama kiasi cha urefu wa mtu, halafu mteremko uliopata jua unaudaka, unapanda wima hadi matawini na kupotea. Unga wa kupulizia, unaouzwa madukani kwa kazi hiyo hiyo, huonyesha upepo mbele ya pua yako tu. Uzi huu huonyesha harufu yako itafika wapi baada ya kukuacha, na mlimani hayo ni mambo mawili mbalimbali. Upepo ukivuka kilele hujipindua upande wa demani na kurudi ulikotoka. Mteremko unaotazama mashariki hupata joto mapema. Unaotazama kaskazini, mwezi wa Novemba, hewa yake huweza kuendelea kuteremka karibu mchana kutwa. Kwa hiyo alfajiri mzee haketi juu ya kulungu wanaotoka kula bondeni, maana harufu yake ingewateremkia. Huketi pembeni mwa njia yao, na hewa ikishageuka ndipo huhamia juu.

Kuhama kwenyewe ni darasa. Binadamu wa kawaida hutembea kwa mwendo mmoja, majani makavu yakilia sawasawa, na msituni hakuna mnyama mwingine aendaye hivyo. Kulungu huenda hatua mbili tatu, husimama, huenda moja, husimama kitambo. Goti la mzee limemfundisha mwendo huo huo. Hupanda hatua tatu, hushika shina, huvuta pumzi, hutazama, na katika kutazama huko ndiko anakoona sikio lililojitokeza nyuma ya gogo, au mstari wa mgongo uliolala pale ambapo miti yote imesimama. Daima husimama penye shina, hasimami peupe. Hupanda na shati jepesi, jaketi likiwa begani; akifika huketi, husubiri mwili upoe, ndipo hulivaa. Jasho ni harufu, na baada ya saa moja ya kukaa ni baridi inayoingia mifupani.

Tukiwa wawili, yeye huketi kwenye ubonyeo wa mlima nami huzunguka mbali, nikarudi polepole na upepo mgongoni. Sipigi kelele. Naacha harufu yangu itangulie, kulungu wainuke bila hofu kubwa na kutembea kuelekea wanakovukia siku zote. Kabla hatujaachana huninyooshea mkono: "Kutoka mwamba ule hadi mti ule ndiyo sehemu yangu. Kwingine kote sifyatui." Nami humwambia: "Nimekuelewa, Baba." Wenzake hushangaa simwiti kwa jina, kama wakwe wengi wa kwao wafanyavyo, lakini ulimi wangu haukulelewa hivyo. Na kulungu aliyesimama kileleni, mbingu nyuma yake, hapigwi, hata awe na pembe za namna gani. Nyuma yake hakuna udongo wa kuipokea risasi, na ng'ambo ya mlima kuna watu.

Kuhusu shabaha ya mteremkoni yameandikwa mengi. Kweli, risasi ikipigwa kwa pembe ya nyuzi 30, juu au chini, mvuto wa dunia huihesabia umbali wa usawa tu: mita 200 huwa kama 173, na asiyejua hupiga juu ya alipolenga. Ila katika misitu hii kulungu huwa hatua sitini au themanini, na hesabu hiyo haina uzito. Chenye uzito ni njia ya risasi ndani ya mwili. Ukiwa juu yake, usifikirie inapoingia. Fikiria itokee wapi, bega la upande wa pili, ili ipite mapafuni. Mimi hutamka Bismillahi. Yeye hutoa nusu ya pumzi.

Halafu huketi tena! Hapo ndipo wengi huharibu. Damu yenye povu, nyekundu ya kung'aa, ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Nusu saa inatosha. Damu nzito ya rangi ya giza ni ya ini, na ikiwa na ukijani na harufu mbaya ni tumbo, basi ni kungoja saa nyingi, maana ukimfuata atainuka na kwenda kufia usikokujua. Mzee hufungua chupa ya chai, hunimiminia kahawa, na hazungumzi habari za kulungu mpaka kikombe kiishe. Kisha karatasi ya kibali hujazwa na kufungwa sikioni kabla mnyama hajasogezwa, matumbo hutolewa nyama ipoe, miguu ya mbele hufungwa kwenye pembe, nasi huteremka. Kamba naivuta mimi. Yeye hutangulia kuonyesha njia, na sitaki ubishi katika hilo. Kuburuta mzigo kwenye baridi kumesimamisha moyo wa wazee wengi.

Wanyama hawa walikaribia kuisha. Miti ilipokatwa ovyo na uwindaji ukawa hauna mpaka, jimbo likaunda tume ya wanyamapori mwaka 1895, likaanza kuleta kulungu kutoka majimbo mengine mwaka 1906, na mwaka 1907 likakataza kuua majike. Wakaongezeka hadi wakawa wanakula miche yote, msitu ukabaki na mababu bila wajukuu. Mwanabiolojia Gary Alt aliposimamia mageuzi, na mwaka 2002 madume wenye pembe changa wakalindwa huku majike zaidi wakiwindwa, wawindaji wengi walikasirika. Baba mkwe alikuwa upande wa Alt na yuko hadi leo. Hukuonyesha kichipukizi cha mwaloni kinachofika kiunoni na kukuambia kwamba ujanani mwake hakikuwapo.

Nyama ya salala huliwa nyumbani. Nyingine mke wangu huipikia pilau. Mnyama wa pili, tukimpata, hupelekwa kwa mchinjaji aliye katika mpango wa Hunters Sharing the Harvest, unaopeleka nyama ya kulungu kwenye maghala ya chakula cha wahitaji.

Uwindaji wake wenyewe, hata hivyo, hufanyika Februari, bunduki ikiwa kabatini. Majani hayajaota, theluji imeshika kila wayo, na mapito yote ya vuli yanaonekana kwa mbali: magome yaliyosuguliwa na pembe, ardhi iliyoparuliwa na madume msimu wa kupandana, vitanda vyenye manyoya. Hapo sasa anakwenda hadi penye kitanda chenyewe cha dume, anapiga magoti kwa shida, analeta kichwa chake pale kilipokuwa kichwa cha mnyama, na kutazama bondeni kuona lipi linaonekana na lipi halionekani. Kisha huniambia nilale mimi, naye huteremka mteremko mzima ili nimwambie ni wapi anatoweka machoni.